Fundi Kesho na Saa Yenye Mishale Minne

Wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi wateja ambao saa zenu bado ziko dukani kwake: poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja. Aliyelala mbele yetu mlimwita Fundi Kesho, na hata sisi wa nyumbani tulishalizoea jina hilo. Wasifu huu unasomwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, kwa niaba ya ukoo mzima. Mwanzoni tuseme ukweli, maana mengi mmeshayasikia jikoni na uani. Kabla haujachapwa, mstari wake mmoja ulitugombanisha kutwa nzima. Ni ule wa mwisho, unaosema marehemu ameacha nani. Wapo waliotaka uanze na neno "mke." Kaka yake mkubwa akasema neno hilo likiingia, yeye makaburini haji. Basi sikilizeni habari za mtu huyu tangu mwanzo, na mtajua kwa nini mstari huo umeandikwa ulivyoandikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1944, mtoto wa pili kati ya watatu. Mbele yake kuna kaka, ambaye baadaye alikuwa seremala. Nyuma yake kuna dada. Baba yao alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kuamka wakati wengine ndio kwanza wanageuka ubavu wa pili, na aliyekuwa akimwamsha ni saa moja ya kengele, ya bati, yenye miguu mitatu. Marehemu, akiwa mtoto, alitaka kumwona huyo anayegonga kengele ndani, akasubiri baba atoke, akaifungua. Akairudishia vizuri, hakikubaki kitu mezani, ila tangu siku hiyo saa ikawa inatembea ikilazwa kifudifudi tu. Ukiiinua uitazame, inasimama. Baba hakumpiga. Miaka mingi baadaye alikuwa bado akilala na ile saa imelala uso chini kando ya kitanda, akiambia watu kwamba yeye ana saa nzuri sana, tatizo lake ni moja, haipendi kuulizwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1952 hadi 1958. Mwalimu wake wa mwisho aliandika kwenye ripoti, "Mtulivu, mwangalifu, ila hamalizi." Wanaomfahamu watakubali kwamba mwalimu yule angeweza kusimama hapa leo akasema hayo hayo, nasi tukakaa chini. Januari 1961 alianza kujifunza ufundi katika duka kubwa la saa la mjini. Kilichompendeza kuliko yote huko ni desturi ya mafundi ambayo mteja haioni kamwe. Fundi akimaliza kuisafisha saa na kuitia mafuta, kabla hajaufunga mfuniko wa nyuma, huchukua sindano akachora upande wa ndani alama yake, pamoja na mwezi na mwaka. Huchora kidogo sana, bila lenzi huoni kitu. Ni salamu ya fundi kwa fundi atakayeifungua baadaye: mimi nilipita hapa, siku hizi na hizi. Kila fundi hujichagulia alama. Yeye alichagua duara lenye mshale mmoja. Wenzake walimcheka kwamba saa ya mshale mmoja haina dakika, na mwenye saa isiyo na dakika hawezi kuchelewa.

Kuchelewa alichelewa sana. Hakutoa saa mpaka awe ameisikiliza kwa siku zake, akiigeuza chali, kifudifudi, ubavu, kama mama anayemlaza mtoto mgonjwa. Mteja akija anaambiwa kesho. Akija kesho anaambiwa kesho. Mmoja alikasirika akamwambia, "Fundi, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Akamjibu kwa upole kwamba basi aje keshokutwa. Ila saa ikitoka mikononi mwake imetoka, na hata hao waliomtukana walirudi.

Kipenzi chake kilikuwa saa za kale za thamani, zile za Uswisi ambazo watu walirithishana. Ukimpa moja alikutajia ukoo wake kama anayekutajia mababu. Alikuwa akisema saa ya mkononi ilianza maisha yake ikidharauliwa, kwa kuwa ilihesabiwa ni bangili ya wanawake. Mwanamume alibeba yake mfukoni na mnyororo wake, na aliyeifunga mkononi alichekwa. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Askari aliye handakini hana mkono wa kupapasa mfukoni, akaifunga kwenye kifundo, na waliorudi hai walirudi nayo hapo, nani angewacheka? Mwaka 1926 Rolex wakatoa saa ya mfuniko wa kukaza unaozuia maji, na mwaka uliofuata mwanamke mwogeleaji aliingia nayo bahari ya baridi kwa saa nyingi, ikatoka inatembea. Mwaka 1931 ikatoka Reverso, iliyotengenezwa kwa ajili ya wacheza polo waliokuwa wakivunja vioo. Ile unaisukuma inajigeuza, uso unajificha, mgongo unapokea kipigo. Hiyo aliipenda kwa namna ya pekee. Alisema ndiyo saa pekee aliyofanana nayo, inageuza uso ikiona hatari. Tulicheka. Sasa ndio tunaelewa alikuwa anatuambia nini.

Halafu alifika 1969, na hapo sauti yake ilishuka. Mwaka ule watu walikanyaga mwezini wakiwa wamevaa Omega ya kutia ufunguo kwa mkono, na mwaka ule ule, mwezi wa Desemba, Japani ikatoa saa ya mkononi ya betri. "Tulikwenda mwezini kwa ufunguo," alikuwa akisema, "tukarudi tukakuta betri." Na yeye mwenyewe, pamoja na mapenzi yote hayo, mkononi hakuvaa kitu. Kinyozi hajinyoi.

Sasa tuje kwenye ndoa. Mwaka 1967 aliingia pale dukani binti wa kujifunza ufundi, mwanamke pekee kwenye meza za mafundi. Wiki za mwanzo marehemu alihangaika asubuhi nzima na saa iliyokuwa ikisimama ovyo, asipate ubovu. Yule binti akapita nyuma yake na chai, akasema bila lenzi wala nini kwamba gurudumu la tatu limevunjika jino. Kweli limevunjika. Akaitwa Jicho tangu siku hiyo, na alama aliyojichagulia ikawa jicho, mistari miwili iliyopinda inayokutana nchani. Marehemu aliona aibu, akajitetea kwamba hata yeye angeliona tu. Jicho akamuuliza, "Lini? Kesho?" Na hivyo ndivyo walivyoanza.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Juni 1970. Zawadi ya kaka mkubwa ilikuwa meza ya kazi ya watu wawili, ndefu, ya mbao ngumu, yenye ukingo wa kuzuia skrubu zisidondoke, droo upande huu na droo upande ule, na tundu la taa moja katikati. Mwaka 1973 waliiingiza kwenye duka lao wenyewe, chumba chembamba kilichobanwa kati ya fundi cherehani na fundi viatu. Meza ilikuwa ndefu hata mlango ukang'olewa ili ipite. Mungu hakuwajalia watoto. Walikaa bega kwa bega chini ya taa ile, kila mmoja na lenzi jichoni, na wateja wanasema unaweza kusimama pale muda mrefu pasisemwe neno, lakini usijisikie umekatiza kimya.

Betri zikawafikia. Watu walinunua saa rahisi zinazojiendea, zikifa wanatupa. Kufikia 1980 zilizobaki mezani zilikuwa chache, na mmoja wao akawa anafanya kazi huku mwenzake anatazama. Ndipo ukaja mwito kutoka karakana moja ya nchi ya mbali, iliyokuwa bado inatengeneza saa za kale na inatafuta mafundi. Tarehe 9 Februari 1981 Jicho aliondoka na sanduku moja. Hakurudi.

Hayo ndiyo tuliyoyajua sisi, kwamba ameondoka na hakurudi. Kaka mkubwa hakulitaja tena jina lake. Alisema yeye alitengeneza meza ya watu wawili, hakutengeneza ya mmoja. Na marehemu, mnamjua, akasikia yote hayo akanyamaza. Hakumlaumu mkewe, hakumtetea. Aliendelea kukaa upande wake wa meza. Upande wa pili aliufuta vumbi kila asubuhi, na kiti hakumpa mtu yeyote, hata mteja mgonjwa aliletewa kigoda cha fundi viatu. Ukutani akatundika saa mbili. Moja ilisema saa ya hapa, ya pili ilikuwa nyuma kwa saa kadhaa. Mteja akimwonya kwamba saa yake ya pili iko nyuma, anajibu, "Haiko nyuma. Iko mbali." Wengi walidhani ni utani wa mafundi. Alikula akiitazama ile ya pili. Dada yake alimkuta siku moja ameacha chakula kikapoa. Akamuuliza kulikoni, akasema huko bado hawajakaa mezani.

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo rubani, ambaye yuko nasi hapa leo. Saa ya rubani huyu ni Rolex ya marubani, aina iliyotolewa katikati ya miaka ya hamsini, ndege zilipoanza kumvusha mtu nchi nyingi kabla hajamaliza usingizi. Ina mishale minne. Mitatu ni hii tunayoijua. Wa nne huzunguka mara moja tu kwa siku nzima, na ukiusoma kwenye pete ya rangi mbili inayozunguka kioo, nyekundu ya mchana na buluu ya usiku, unakupa saa ya mahali pengine. Mtu mmoja anabeba saa ya hapa na saa ya kule kwenye mkono mmoja. Marehemu aliisafisha mwaka 1980, ilipoletwa na mtu aliyetumwa na rubani, Jicho akiwa ameketi ubavuni pake, akachora duara lake ndani ya mfuniko.

Mwaka 1985 rubani aliileta tena. Marehemu akafungua mfuniko, akakuta chini ya duara lake kuna jicho. Saa ya rubani ilikuwa imesimama huko ng'ambo, akaelekezwa karakana fulani, kuna mama mmoja hodari. Rubani hakujua huyo mama ni nani, na marehemu hakumwambia. Ila dada yake anaikumbuka siku ile, kwa kuwa alikuja nyumbani kwake mchana, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akakaa jikoni na kofia kichwani, akasema, "Dada, leo nimemsikia mke wangu."

Tangu hapo rubani safari moja anaileta isafishwe huku, safari nyingine anaipeleka kule, kila baada ya miaka minne au mitano. Duara, jicho, duara, jicho. Huyu akichora, mwenzake anachora pembeni yake, karibu zaidi na safari iliyopita, mpaka alama zikagusana. Salamu moja kwa miaka minne, na marehemu aliishi kwa hizo. Najua mtauliza kwa nini hakumpa rubani ujumbe wa mdomo, au namba ya simu, au barua ya mistari miwili. Dada yake alimuuliza. Alisema atampa. Kesho.

Mwaka 2009 rubani, ambaye sasa anakaribia kustaafu, aliipeleka saa dukani ibadilishwe kioo tu. Marehemu kwa hamu yake akaifungua na mfuniko. Akaona imesafishwa karibuni. Mafuta ni mapya, yamewekwa kwa kipimo anachokijua, skrubu hazina mkwaruzo hata mmoja; ule ni mkono wa Jicho, hata akiwa amefumba macho angeutambua. Lakini alama hakuna. Jicho ni mzima, ameifungua saa, ameliona duara la mumewe, akaufunga mfuniko bila kusema neno.

Alielewa kwa namna moja tu, kwamba mwenzake amechoka kungoja. Naye hakuchora. Akaufunga mfuniko, akamrudishia rubani saa yake, akapanda kwenye kigoda akaiteremsha ile saa ya pili ukutani. Palibaki msumari.

Cha ajabu, ndio miaka hiyo saa za kale zilipopanda daraja. Zile zilizokuwa zikitupwa sasa zinatafutwa kama lulu. Vijana walikuja kumtafuta na simu zao, wakampiga picha, wakamwuliza habari za Reverso na za mwezini, naye akawasimulia zote. Duka lilijaa. Lakini sisi tuliokuwa tukipita jioni kumchukua tulimkuta ameketi upande wake wa meza, mikono juu ya mbao, taa haijawashwa. Dada yake alimsihi ahamie kwake. Akaahidi. Tunajua sote aliahidi lini.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuruka mapigo. Alipoelezwa na daktari, alimwambia kwamba kwa saa hilo ni gurudumu la mizani, lile linalopiga tiktak, halitengenezwi kwa haraka. Tarehe 4 Aprili 2024 alilazwa. Alikaa kitanda cha dirishani, akiomba kila siku aambiwe ni saa ngapi, ingawa ukutani palikuwa na saa kubwa iliyomtazama. Wageni walikuja wengi, naye aliwashukuru wote, na walipotoka aligeukia ukuta.

Alhamisi tarehe 11 alikuja rubani, mzee sasa, saa iko mkononi. Wakaongea ya hapa na pale, mpwa akiwa kitini. Wakati wa kuaga rubani akasema kuna asante amekaa nayo muda mrefu. Akasimulia kwamba mwaka 2008, alipotaka kustaafu, wakusanyaji wa saa za kale walimwambia saa kama ile ni mali, lakini mafundi wameichorachora ndani, na kila mchoro mpya unaishusha. Hivyo alipoipeleka kwa yule mama wa ng'ambo alimkataza asichore. Mwaka uliofuata alikuja kwa Fundi akiwa amejiandaa kumkataza na yeye, akashangaa kumwona anaufunga mfuniko bila kuchora, hata hakuhitaji kuambiwa.

"Wewe ulinielewa," rubani alisema. "Yule mama alinisumbua. Aliniomba alama moja tu, akasema hata ndogo. Nikamkatalia."

Marehemu alilia. Hatukuwahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake. Rubani alibabaika, akidhani amemuudhi mgonjwa, mpaka mgonjwa mwenyewe alipomwambia yule mama ni nani. Alikaa tena kitini kwa uzito, akaivua saa, akaiweka juu ya shuka. Alisema hataiuza, na ichorwe itakavyochorwa.

Ndipo marehemu alipotuambia la pili, lile alilolificha miaka arobaini na tatu. Jicho hakumwacha. Mwito ule wa karakana ulikuwa wa mafundi wawili. Walikubaliana, mke atangulie, mume afunge duka amfuate. "Mimi ndiye sikwenda," alisema. "Nilimwambia tangulia, nakuja. Barua zake tatu za mwanzo nilipanga kuzijibu kesho, halafu nikaona aibu ya kuchelewa, na aibu ikanichelewesha zaidi. Mlipomsema vibaya nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mnanisema mimi bila kujua."

Mpwa alimuuliza, basi tufanye nini, Mjomba? Akajibu, na neno hili wateja wake mtashangaa kulisikia, "Mpigie leo."

Rubani alikuwa na namba ya karakana. Simu ilipita kwa watu wawili ikamfikia. Marehemu alishikiwa simu sikioni. Alisema, "Mke wangu, nilisema nitafuata." Sauti ya upande wa pili tuliisikia wazi, ya mama mtu mzima asiye na papara. Ilisema, "Najua. Kaa hapo hapo. Safari hii nakuja mimi."

Siku ile ile aliagiza vifaa vyake kutoka dukani, ufunguo wa mfuniko, lenzi, sindano. Mpwa alitaka kumsaidia, akakataa. Alichora duara lake la mwisho na mshale wake mmoja, na mwezi na mwaka. Limekwenda upande, si duara la fundi. Pembeni yake aliacha nafasi. Kisha akaisogeza pete ya rangi mbili, akauliza aliko Jicho ni saa ngapi, akauweka mshale wa nne usome saa hiyo.

Jumapili asubuhi alipoambiwa mkewe amepanda ndege, aliuliza aliye angani yuko saa ngapi. Hakuna aliyejua. Alisema si kitu, atauliza akifika. Aliaga dunia siku hiyo, tarehe 14 Aprili 2024, mchana, akiwa na miaka themanini. Mkewe alikuwa bado angani.

Jicho alifika Jumatatu. Aliingia nyumbani na mkoba mdogo, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, na kaka mkubwa akanyanyuka akatoka nje. Jumanne tukajadili mstari ule. Mpwa alieleza aliyoyasikia hospitalini, kaka mkubwa akasema mgonjwa husema mengi. Jicho hakujitetea. Alisema tuandike tunavyoona sisi, yeye amekuja kumwona mumewe. Akaomba saa tu.

Akaiweka kwenye meza ya dirishani, akaifungua, akaweka lenzi jichoni. Alitazama mpaka machozi yakaijaza lenzi, akaifuta kwa pindo la khanga, akatazama tena. Halafu akachukua sindano, akachora. Akainuka na ule mfuniko kiganjani, akatoka hadi barazani alikokaa kaka mkubwa, akampa lenzi akamwambia, "Shemeji, naomba uangalie."

Kaka mkubwa ni mtu wa randa na msumeno, hajui mambo ya lenzi. Kwanza aliishika kinyume, kisha akafumba jicho lisilohusika. Tulitamani kucheka na hatukuthubutu. Mwishowe akaona. Aliona duara na jicho, duara na jicho, zimepangwa mbili mbili tangu mwaka ule wa 1980, kisha duara moja lisilo na mwenzake, kisha pengo, kisha duara lililokwenda upande, na ubavuni pake jicho jipya ambalo chuma chake bado kinang'aa. Alikaa nalo muda mrefu. Alipoitoa lenzi, uso wake wote ulikuwa umelowa.

"Wamekaa kama kwenye meza yangu," alisema. Akamrudishia Jicho mfuniko kwa mikono miwili, na kwetu sisi tuliosimama mlangoni akasema, "Andikeni."

Basi tumeandika. Marehemu ameacha mke, fundi saa, aliyetangulia mbele akamngoja. Ameacha kaka yake mkubwa, seremala, ambaye ndiye aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake. Ameacha dada mmoja, wapwa wanne, na duka lenye meza ya watu wawili. Wateja wenye saa zao msihangaike. Mjane anasema atazimaliza moja moja, na mkienda mtamkuta upande wake wa meza.

Mjomba, kila ulichotuambia kesho, leo kimefika. Mungu akupokee leo hii, akupe pumziko la amani.